Ambrosia ya kudumu: mwongozo kamili wa kuitambua na kuichunguza, kuanzia mzizini hadi kwenye chavua

Ukiung'oa mmea huu kwa mkono utasikia mlio mdogo, "ta!", chini ya udongo. Shina linakuja mkononi na unadhani kazi imekwisha. Mlio ule ni mzizi umekatika, na sehemu kubwa ya mmea imebaki ardhini ikiwa hai. Wiki chache baadaye pale pale panachipua tena, na mara nyingi huchipua machipukizi mawili palipokuwa na shina moja.

Hiyo ndiyo ambrosia ya kudumu, kitaalamu *Ambrosia psilostachya*. Kwao ni nyanda za majani za Amerika Kaskazini: kusini mwa Kanada, katikati na magharibi mwa Marekani, hadi Meksiko. Mimi naishi Kansas, katikati kabisa ya makazi yake. Miji ya huku, kama Wichita, Kansas City, Omaha na Des Moines, siku hizi ina wenzetu wengi kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya. Kila mwisho wa Agosti nawaona wanapiga chafya, macho mekundu, wanakunywa tangawizi wakiamini ni mafua. Mwaka wangu wa kwanza nami nilikuwa hivyo hivyo. Kumbe si mafua, ni mzio (aleji) wa chavua, yaani unga wa maua, wa mmea huu. Ndipo nikaanza kuutafuta mmea wenyewe porini, na nilipoufahamu nikaupenda, pamoja na chafya zake zote.

Ushauri wangu mkubwa ninautoa mapema, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinautegemea: mmea huu usomwe kuanzia chini. Vitabu vingi vya mfukoni vinaanza na jani, na jani la ambrosia linadanganya. Mzizi haudanganyi.

Kabla ya kutoka nyumbani: jina na ukoo

Ambrosia ni wa familia ya alizeti, Asteraceae. Jenasi hii ilipewa jina na Linnaeus mwaka 1753, kwa neno la Kigiriki la chakula cha miungu. Spishi yetu ilielezwa mwaka 1836 na Mswisi Augustin Pyramus de Candolle, na neno *psilostachya* maana yake ni "suke tupu", yaani suke lisilo na majani. Ukiliona suke la maua yake mwezi wa nane utakubali kwamba jina linamfaa.

Kwa msomaji wa Arusha au Kilimanjaro, ndugu wa karibu wa mmea huu anajulikana vizuri: gugu karoti, *Parthenium hysterophorus*, lile gugu la maua meupe madogo lililovamia malisho na kando za barabara. Ambrosia na gugu karoti wamo katika kikundi kimoja kidogo ndani ya familia ya alizeti. Wote ni wachungu, wote wana kemikali za jamii moja zinazoweza kuwasha ngozi, na ng'ombe huwaepuka wote wawili. Tofauti ni kwamba gugu karoti lilitoka tropiki za Amerika na huku Afrika ni mgeni mharibifu, wakati ambrosia ya kudumu, ikiwa Kansas, iko kwao. Tofauti hiyo inabadilisha kabisa namna ya kushughulika nayo, nami nitairudia mbele.

Hatua ya 1: Chagua mahali na majira

Mahali pazuri kuliko pote ninapopajua ni vilima vya Flint Hills, mashariki mwa Kansas. Udongo wake ni mwembamba juu ya mawe ya chokaa yaliyochanganyika na mawe magumu ya gumegume, kwa hiyo majembe ya walowezi yalishindwa. Ndiyo maana nyasi ndefu za asili zimebaki pale, wakati kwingineko zimelimwa karibu zote. Kwa makadirio ya kawaida, kilichosalia cha nyika ya nyasi ndefu hakifiki asilimia 4 ya eneo la zamani. Unaweza kutembea kwenye njia za Konza Prairie karibu na mji wa Manhattan, Kansas, au katika hifadhi ya Tallgrass Prairie National Preserve, iliyoanzishwa mwaka 1996 katika kaunti ya Chase. Humo utaangalia tu. Kuchimba wala kuchuma hakuruhusiwi. Kwa hatua ya kuchimba, mwombe mwenye shamba la mifugo. Wafugaji wa huku wakisikia unataka kuchimba ambrosia, hawakatai.

Panga safari tatu. Mei, kuona machipukizi. Mwisho wa Agosti, maua. Oktoba mapema, matunda, kabla baridi kali ya kwanza haijaua sehemu ya juu. Ukipata nafasi ya safari moja tu, nenda Agosti.

Beba lenzi ya kukuza mara 10, rula, sepetu ndogo au mwiko wa bustani, brashi ya rangi ya zamani, karatasi nyeusi, magazeti, kamba na vijiti vichache. Vaa nguo ya mikono mirefu na glavu pia. Mwenye mzio wa chavua avae barakoa nzito inayobana usoni, na mwenye pumu asifanye kabisa hatua ya kupukutisha chavua nitakayoieleza chini.

Hatua ya 2: Tazama kundi kabla ya mmea mmoja

Simama mbali kidogo, hatua kumi au kumi na tano. Ambrosia ya kudumu haisimami peke yake. Utaona doa la rangi ya kijani kijivu katikati ya nyasi, mashina mengi ya kimo karibu sawa, kwa kawaida sentimita 30 hadi 60, mara chache mita moja au zaidi kidogo. Ndani ya doa mashina yamesambaa kwa nafasi, bila kushikana shinani kama kichaka. Mwaka wa mvua nzuri, nyasi ndefu kama *Andropogon gerardii* huwa zimeyafunika kabisa ifikapo Septemba, na unaweza kupita pale mara tatu bila kuona kitu.

Weka vijiti vinne kwenye kingo za doa hilo, kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Pima upana wake kwa kamba na uandike.

Hatua ya 3: Chimba

Hapa usiwe na haraka. Chagua shina la pembeni mwa kundi, mahali udongo ulipo laini baada ya mvua. Usivute. Anza kuondoa udongo sentimita kumi hivi kutoka shinani, ukielekea ndani, na ukifika karibu na shina tumia brashi.

Utaona shina likishuka, linageuka rangi kuwa jeupe-kahawia, kisha linakutana na mzizi uliolala. Mzizi huo unatambaa kwa ubapa chini ya udongo, na juu yake kuna vichipukizi vidogo vyeupe, vingine virefu kama punje ya mchele, vikisubiri. Kila kimoja kinaweza kuwa shina. Mizizi mingine inashuka wima kutafuta maji.

Siku moja nilifuata mzizi wa namna hiyo kwenye malisho ya rafiki yangu kwa muda wa saa mbili, nimepiga magoti, nikisafisha udongo kwa brashi ileile ya rangi. Nilipita chini ya mashina tisa. Juu niliyahesabu kama mimea tisa. Chini yote yalikuwa yameshikwa na uzi mmoja. Tangu siku ile siwezi kusema "mimea mingi ya ambrosia" bila kusita. Doa zima unaloliona linaweza kuwa mmea mmoja, na mashina ni vidole vyake.

Kata kipande cha mzizi chenye urefu wa kidole, kizike kwenye chungu chenye mchanga unyevu, uweke dirishani. Changu kilichipua. Jaribio hili dogo linaeleza mambo mengi: kwa nini palizi ya jembe huzidisha mmea huu, kwa nini moto wa masika ambao wafugaji wa Flint Hills huwasha karibu na Aprili hauuui, na kwa nini unavumilia ukame. Moto na jua hula sehemu ya juu tu.

Nyanda hizi kwa kweli zinaishi chini ya ardhi. John Weaver, profesa wa Chuo Kikuu cha Nebraska, alitumia miaka mingi ya karne iliyopita akichimba mahandaki ili achore mizizi ya mimea ya nyika ilivyo ardhini. Ukishika brashi na kupiga magoti utaelewa mara moja kwa nini mtu angetoa maisha yake kwa kazi hiyo.

Hatua ya 4: Jani na shina

Majani ya chini yamekaa mawili mawili yakitazamana. Ukipanda juu yanaanza kupishana, moja moja. Jani moja kwa kawaida lina sentimita 2 hadi 6, wakati mwingine hata 14, na limekatwakatwa pembeni mara moja kama unyoya. Jaribu kulipitisha kati ya vidole: linakwaruza kidogo, kwa sababu ya vinywele vifupi vigumu. Kwenye lenzi utaona pia vidoa vinavyong'aa, ambavyo ni tezi za mafuta. Lisugue unuse. Harufu ni kali, chungu, inakumbusha pakanga. Vua glavu kwa sekunde tu kwa ajili ya jaribio hili na unawe baadaye. Kemikali za jani, ikiwemo ile iliyopewa jina la psilostakini kutokana na mmea wenyewe, huweza kumtoa mtu vipele.

Nilisema jani linadanganya. Kundi moja lina majani mapana yenye meno machache, kundi la jirani lina majani yaliyochanika vipande vyembamba. Sababu mojawapo iko ndani ya seli: spishi hii ina mimea yenye kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) 36, mingine 72, 108, hata 144. Ni seti zilezile zilizorudufiwa. Kwa hiyo usikatae mmea kwa sababu haufanani na picha ya simu yako.

Hatua ya 5: Maua, asubuhi na mapema

Hii ndiyo hatua ninayoipenda. Fika jua linapochomoza, umande ungalipo.

Juu ya kila shina kuna suke moja au zaidi. Masuke hayo yamejaa vikombe vidogo vya kijani, kila kimoja kina milimita 2 hadi 4 tu, vimeinamisha midomo chini kama kengele. Hivyo ni vichwa vya maua ya kiume. Geuza kimoja kwa ncha ya sindano uangalie kwa lenzi: ndani kuna vijiua vya manjano hafifu, kwa kawaida 5 hadi 15 au zaidi. Hakuna petali za kuvutia, hakuna harufu tamu, hakuna nekta. Mmea huu haumwiti nyuki. Umekabidhi kazi yote kwa upepo.

Angalia kijiua kimoja kwa utulivu. Katikati yake kuna kijiti chembamba chenye nywele kichwani kama mswaki. Hicho ni mabaki ya sehemu ya kike isiyozaa. Kazi iliyobaki ni moja: kinaporefuka, kinaisukuma chavua nje ya vifuko vyake kama mtu anayesafisha mtutu kwa brashi. Chavua huanguka kwenye kikombe kilichoinama na kwenye majani ya chini, jua likikausha umande, upepo unaichukua.

Sasa tandaza karatasi nyeusi chini ya suke na uligonge mara moja kwa kidole. Vumbi la manjano. Chembe moja ina kipenyo cha karibu maikromita 20, kwa hiyo chembe 50 zikipangwa mstari zinafikia milimita moja. Chini ya darubini kila chembe ni mpira wenye vimiba vifupi. Protini zilizomo ndizo kinga ya mwili wa mwenye mzio inazozichukulia kama adui, na ndiyo chanzo cha zile chafya za Agosti. Funga karatasi haraka na usiipulize.

Maua ya kike utayakosa usipoambiwa pa kutazama. Yako chini ya suke la kiume, kwenye kwapa za majani ya juu, yaani pale jani linapokutana na shina. Kila kichwa cha kike kina ua moja tu, halina petali hata kidogo, na kinachoonekana ni nyuzi mbili nyembamba zilizochomoza kama ndimi, zikisubiri chavua kutoka hewani. Mmea mmoja, kiume juu, kike chini.

Hatua ya 6: Tunda

Rudi Oktoba. Katika zile kwapa utakuta vitunda vigumu vya milimita 2 hadi 3, kimoja kina mbegu moja. Hesabu miiba yake kwa lenzi. Ambrosia ya kudumu ina vijimiba butu vichache, kuanzia kimoja hadi sita, na vingine havina kabisa. Kware wa aina ya bobwhite wanavitegemea sana wakati wa baridi; mwindaji wa Oklahoma au Texas anayependa kware haikati ambrosia yote.

Mbegu hizi hulala. Ukizipanda moja kwa moja ndani ya nyumba hutaona kitu mpaka zipitie baridi na unyevu wa majuma kadhaa, kama zinavyopitia kwenye theluji. Nakuomba kwa dhati: usizibebe kwenda nyumbani Afrika, hata kwa kujifunza. Gugu karoti limetufundisha ya kutosha. Ambrosia hii tayari imetoroka kwao na kujikita kwenye michanga ya pwani za Ufaransa, Italia na Hispania.

Hatua ya 7: Itenge na wanaofanana nayo

Kuna ndugu wawili wa karibu. Ambrosia ya kawaida, *Ambrosia artemisiifolia*, huishi mwaka mmoja. Ukiing'oa inatoka nzima na mzizi wake mkuu mmoja uliosimama wima, bila ule mlio. Majani yake ni membamba na yamekatwa mara mbili, vipande ndani ya vipande. Ambrosia kubwa, *Ambrosia trifida*, nayo ni ya mwaka mmoja, inaweza kupita kimo cha mtu kwa mbali, na jani lake kubwa lina ndimi tatu, wakati mwingine tano. Mara moja moja ambrosia ya kudumu na ya kawaida huzaa chotara, kwa hiyo ukikuta mmea usioeleweka, andika hivyo hivyo kwamba haueleweki.

Pakanga nyeupe ya huku, *Artemisia ludoviciana*, hukua kwenye malisho yaleyale na huchanganya wengi. Geuza jani: pakanga ina sufi nyeupe upande wa chini, ambrosia haina.

Kisha kuna anayesingiziwa. Jirani yangu mmoja mwema alinionyesha maua mazuri ya manjano ya *Solidago* kando ya uzio akaniambia, "Hayo ndiyo yanayokutoa machozi." Niliyafyeka yote, na chafya zikaendelea. Chavua ya *Solidago* ni nzito na ya kunata, inabebwa na nyuki na vipepeo. Huchanua wakati mmoja na ambrosia, yeye akiwa amevaa manjano, ambrosia akiwa amejificha kwenye kijani. Msimfyeke tena.

Hatua ya 8: Ukirudi nyumbani

Vua nguo mlangoni, zifue, osha nywele kabla ya kulala. Siku hizo usianike nguo nje. Dalili zikikubana kifua, muone daktari na umtajie mmea kwa jina. Kuna vipimo vya mzio wa ambrosia.

Sampuli yako, ikiwa na kipande cha mzizi, ilaze kati ya magazeti chini ya vitabu vizito. Badilisha magazeti kila siku kwa wiki ya kwanza. Sampuli isiyo na mzizi wa kutambaa ina thamani ndogo, kwa sababu atakayeiangalia baadaye hatakuwa na uhakika ni ya kudumu au ya mwaka mmoja. Kwenye lebo andika tarehe, kaunti, aina ya udongo, mimea jirani, upana wa kundi, na kama ng'ombe walikuwa wanalishwa pale.

Kama ni malisho yako

Ambrosia huongezeka pale ng'ombe wanapobaki muda mrefu mno mahali pamoja. Wanakula nyasi tamu, wanaacha chungu, na chungu anapata jua na nafasi. Mfugaji wa Kiteto au Narok analijua jambo hili bila kufundishwa. Elroy Rice na Robert Neill waliandika mwaka 1971, kuhusu mashamba yaliyoachwa Oklahoma, kwamba huenda mmea huu pia hutoa kemikali zinazozuia baadhi ya majirani zake kukua.

Kwangu mimi, dawa ya kwanza ni kupumzisha malisho na kuhamisha mifugo, ili nyasi ndefu zirudi na kuifunika. Kufyeka mapema Agosti, kabla vikombe havijafunguka, hupunguza chavua karibu na nyumba lakini hakuui mzizi. Kung'oa ndiyo njia mbaya kuliko zote. Viuagugu vya majani mapana vinaipunguza vikipuliziwa mwanzoni mwa msimu, ila vinaua pia maua mengine mengi ya nyika ambayo hayana kosa, nami sivishauri pale ambapo nyika bado ni ya asili. Huyu si mvamizi hapa. Alikuwepo kabla ya uzio.

Na vile vijiti vinne uliviacha? Viache. Mei ijayo, nyasi zikiwa bado fupi, nenda ukapime tena kutoka kijiti hadi shina la mwisho, pande zote nne. Kwenye kundi langu la kwanza, upande wa kusini, penye udongo laini, vichipukizi vilikuwa vimekipita kijiti kwa urefu wa mkono wangu. Upande wa kaskazini, penye jiwe, havikuwa vimesogea hata kidogo.